Dakika Kumi za Fundi Njia

Saa moja na robo asubuhi, foleni ya wagonjwa haijafika mlangoni, mwanamke mmoja ameketi katika chumba kisicho na dirisha nyuma ya maabara ya hospitali. Amevaa soksi mbili mbili, maana kiyoyozi humu hakizimwi. Simu iko mezani, sauti juu. Upande wa pili yuko muuguzi wa kituo cha saba, mwendo wa saa tatu kwa gari.

“Dada, mimi niko tayari. Wewe je?”

“Ngoja kwanza nitege saa.”

Hospitalini wanamwita Fundi Njia. Ana miaka arobaini na minne. Kazi yake ni kuandika njia ndani ya ruta, mashine zinazopitisha taarifa kati ya hospitali na vituo vyake saba vya afya. Ziko ruta zinazojitafutia njia zenyewe. Za hapa huambiwa kila kitu kwa mkono. Vituo saba, njia kumi na nne, za kwenda na za kurudi.

“Wengi hudhani ukiandika ya kwenda umemaliza,” anasema. “Ni kama kumtuma mtu dukani halafu ukafunga mlango. Atarudi vipi?”

Leo kituo cha saba kinahamia laini mpya. Ile ya zamani inakatwa saa moja na nusu. Kasheshe ni kwamba anaibadilisha ruta ya kule akiwa amekaa huku, akipita katika njia hiyohiyo anayoibadilisha. Akikosea tarakimu moja, amejifungia nje.

Ndiyo maana hutega saa. Kabla ya kugusa chochote, huiamuru ruta ijizime na kuwaka upya baada ya dakika kumi. Akiharibu, ruta itasahau alichoandika na kurudia njia ya zamani. Mambo yakienda sawa, anaifuta amri hiyo na kuhifadhi kazi.

Na akisahau kuifuta?

Anacheka kicheko cha mtu aliyewahi kuumbuka. Miaka miwili iliyopita alimaliza kazi kama hii, akaona mambo shwari, akaenda kunywa chai. Ruta ikajizima, ikaamkia njia ya zamani, na laini yake ilikuwa imeshakatwa. Kituo cha saba kilikaa bila majibu ya maabara hadi jioni. Alipofika huko kwa gari, muuguzi alikuwa ametukanwa na wagonjwa tangu asubuhi.

“Akaniambia, ‘Hutoki hapa mpaka unieleze huyu mdudu wenu analala kwa nini.’ Nikamweleza. Niliona haya, acha tu.”

Tangu hapo hajachukua likizo. Fomu yake imerudishwa mara tatu kwa sababu ya mstari mmoja mtupu: nani atashika nafasi yako? Mama yake anasubiri kupasuliwa macho, na miadi imeahirishwa mara mbili. Sasa anamtambua binti yake kwa sauti tu.

“Ananiuliza, ‘Mwanangu, hizo mashine hazina ndugu mwingine?’ Inaniuma, kwa sababu kweli hazina.”

Anaandika mstari wa kwanza, kisha wa pili. Muuguzi anahema kwenye simu.

“Yamefunguka, dada. Majibu ya jana yote haya hapa.”

Fundi Njia anajinyoosha kitini, anavuta kikombe na kuanza kumsimulia mwandishi wa makala haya habari za mama yake: alivyokuwa fundi cherehani, alivyotunga uzi kwenye sindano bila miwani. Mwandishi anauliza hili na lile. Dakika zinakwenda.

“Dada,” sauti inatoka mezani. “Saa umeifuta?”

Kikombe kinatua, chai inamwagika. Zimebaki sekunde arobaini. Anaifuta amri, anahifadhi kazi, anakaa akiitazama simu.

“Umejuaje?”

“Mimi ndiye niliyetukanwa,” anasema muuguzi. “Kila ukitega, na mimi natega yangu ukutani.”

Fundi Njia anavuta droo, anatoa fomu ya likizo iliyokunjika pembe. Mpango wake ni siku kumi na nne: aje muuguzi afundishwe wiki moja, kisha yeye mwenyewe ampeleke mama hospitali ya macho. Katika ule mstari mtupu anaandika taratibu, kwa herufi kubwa: MUUGUZI, KITUO CHA SABA.