Lebo Zilizozibwa

Mpwa wangu hana maneno mengi, ila akisema hapana, hata mama yake mzazi hamtoi hapo. Nyumbani tunamwita Kisiki.

Kazi yake ni kusoma vioo. Si vya kujitazamia. Ni vipande vyembamba, virefu kama kidole, vyenye vitone vidogo kuliko chembe ya chumvi. Kila kitone kinanasa protini ya aina yake kutoka kwenye damu ya mtu. Protini zilizonaswa hutiwa rangi, kisha kioo huingizwa kwenye skana. Leza ikipita, vitone vinawaka, vingine hafifu, vingine vikali, na ukali huo ndio unaosema protini ni nyingi au kidogo. Chumba chake kina pazia zito jeusi, maana rangi ile ikipigwa na mwanga hufifia.

Mimi nimezeekea kwenye giza la studio ya picha, enzi mtu akiusubiri uso wake kwa adabu mpaka ukauke kwenye kamba. Siku hizi kila mmoja ana simu inayompa pua asiyozaliwa nayo, wala haoni haya. Nilidhani kazi ya giza imekufa. Kumbe ilihamia kwa mtoto wa dada yangu.

Ana desturi yake. Kabla ya kusoma huchanganya vioo vya wagonjwa na vya wazima, kisha huziba kila lebo kwa karatasi ya gundi, asijue damu ipi ni ya nani. Nguvu ya skana, inayozidisha au kupunguza mwako wa vitone, huipanga mwanzo, na haiguswi tena mpaka kioo cha mwisho.

"Jicho lina upendeleo, Mjomba," aliwahi kuniambia. "Naliziba kabla halijaanza kuchagua."

Mchana mmoja nilimpelekea chakula, nikamkuta anapanga vioo kwenye trei. Mara pazia likafunuliwa, akaingia mkuu wao, wanayemwita Daktari. Alikwisha kuwatangazia wafadhili kwamba kuna protini inayowaka kwa wagonjwa peke yao, na kesho yake walikuwa wanakuja kuiona.

"Bandua hizo karatasi," akasema. "Vya wagonjwa uvipandishie nguvu kidogo. Vile vya jana vilisomeka hafifu."

"Nikipandisha, napandisha vyote."

"Vyote vikiwaka, tofauti itatoka wapi?"

"Na mimi nauliza hilohilo, Daktari."

Akacheka, cheko la mtu aliyezoea kufunguliwa milango. "Dada, wewe kazi yako kubonyeza. Ukishindwa, wapo wanaokitaka hicho kiti."

"Nimesikia."

Akanigeukia. "Na wewe mzee, umefuata nini humu?"

"Nimeleta chakula," nikamjibu. "Ila naona kuna mwenye njaa zaidi."

Alipounyosha mkono kwenye vioo, Kisiki akaisukuma trei ndani ya skana, akafunga kimlango, akabonyeza. Skana ile ikishawasha leza haifunguki mpaka imalize. Daktari akavuta kimlango; kikamgomea.

"Fungua!"

"Chomoa waya, ndiyo njia iliyobaki. Kesho uwaoneshe wageni waya."

Hakuchomoa. Tulikaa watatu gizani tukiisikiliza mashine ikinguruma, na sijapata kuona msomi akiitazama kazi yake mwenyewe kwa chuki namna ile. Ilipokwisha, Kisiki akabandua karatasi mbele yake, kioo baada ya kioo. Kwenye skrini, wagonjwa na wazima walikuwa wamewaka sawasawa. Kurudia kusingefaa: rangi ilishaanza kufifia, na usomaji wa kwanza ulishahifadhiwa kwenye kompyuta pamoja na kipimo cha nguvu.

Wageni walioneshwa hivyohivyo. Wiki hiyohiyo Kisiki akaondolewa kwenye skana, akapelekwa kwenye sinki kuosha chupa za maabara.

Dada yangu alilia. "Nenda kamwombe radhi, mwanangu. Neno moja tu, urudi kwenye kiti chako."

"Radhi ya nini, Mama? Ya kutokuona kisichokuwepo?"

"Mjomba wako ndiye anayekujaza kiburi!"

Ningependa iwe kweli, lakini kiburi kile ni chake mwenyewe, na nakionea wivu.

Mpaka leo anaosha chupa. Daktari ameshamtumia ujumbe kwamba mlango uko wazi akijirekebisha. Amejibu kwamba hata yeye wa kwake uko wazi, na sinki lina nafasi ya wawili.