Safari ya Uganda na Jiwe la Mlangoni

Mume wangu tulimzika mvua zikiwa zinaishia. Waliokuja kulala matangani wamerudi makwao, na vitu vyake vimegawanywa. Randa na misumeno vimekwenda kwa ndugu zake, nguo zimekwenda kwa wanaume wa kimo chake. Mimi niliomba kitanda cha mtoto cha kukunjwa alichokitengeneza kwa mkono wake. Shemeji yangu aliuliza nitakifanyia nini nikiwa na umri huu. Nikasema nakitaka tu. Hilo halikuwa jibu, kwa hiyo naandika hapa jibu lenyewe. Nilisoma hadi darasa la nne, nitaandika kama ninavyojua.

Ilikuwa miaka ya hamsini, kabla ya uhuru. Mume wangu alikuwa fundi seremala kwenye mgodi wa almasi, upande wa Songwa. Yeye alikuwa Msumbwa wa Ushirombo, mimi ni Msukuma. Tulikaa ndani ya uzio, katika nyumba za wafanyakazi, chumba kimoja na varanda. Jioni moja alirudi kazini akaniambia amepewa likizo ya mwezi mzima. Nikadhani tutakwenda kwao kulima, kama wenzetu wote walivyofanya wakipewa likizo. Akasema hapana, tutapanda treni Shinyanga hadi Mwanza, kisha tutapanda meli, tutapita Bukoba, tutashuka Uganda. Tutakaa huko wiki mbili, halafu tutarudi.

Nilimuuliza tunakwenda kwa nani.

"Hatuendi kwa mtu," alisema. "Tunakwenda kutembea."

Alipokuwa kijana aliwahi kubeba marobota ya pamba bandarini Mwanza. Alipanda ile meli mara nyingi akiwa na robota mgongoni, akashuka mikono mitupu, na kila mara ilipopiga honi ya kuondoka yeye alikuwa amesimama nchi kavu. Alitaka mara moja tu honi ilie naye akiwa ndani. Sasa alikuwa na mke, alikuwa na binti wa miezi mitatu, akataka tuwe ndani wote.

Siku zile kwetu mtu alisafiri kwa sababu. Msiba, mgonjwa, harusi, ng'ombe. Jirani yangu wa ukuta mmoja alipoona nafua nepi nyingi kuliko kawaida alikuja na uso wa pole, akauliza nani amekufa huko Uganda. Nikamwambia hakuna.

"Basi mnamfuata nani?"

"Meli," nikasema.

Alicheka mpaka akashika ukuta. Akasema ameona watu wakifuata wake zao waliotoroka, na wengine wakifuata ng'ombe walioibwa, lakini mtu na akili zake kuifuata meli, hilo lilikuwa geni kwake. Tangu siku hiyo kila aliponiona aliniuliza kama meli imejibu posa.

Mume wangu hakujali. Aliandika orodha kwa penseli yake bapa ya useremala, kwenye kipande cha mbao kwa sababu karatasi ilikuwa shida. Nepi kumi na mbili. Blanketi mbili. Chupa ya maji yaliyochemshwa. Mwavuli. Karatasi za chanjo ya ndui, sote watatu. Tulikwenda zahanati tukachanjwa, mtoto akalia siku mbili, naye akampakata siku hizo zote mbili kila alipotoka kazini. Kisha akaanza kitanda. Alikuwa ameambiwa kwamba abiria wa daraja letu hulala sakafuni, akasema mwanawe hatalala chini ya miguu ya watu. Alikitengeneza kwa vipande vya mbao alivyoruhusiwa kuchukua karakana: miguu inayokunjwa, turubai katikati, na ndoano ndogo ya chuma pembeni ya kukifungia kwenye chuma cha meli ili kisiteleze mawimbi yakija. Kila usiku kabla ya kulala alikikunja na kukikunjua, akisikiliza kama kuna mahali panapolia.

Nami nilifurahi. Nasema hivyo kwa sababu ni kweli. Lakini kabla ya binti huyu nilikuwa nimezika watoto wawili. Wa kwanza hakufikisha mwezi. Wa pili alifikisha miezi mitano, nikaanza kumzoea. Makaburi yao yalikuwa nje ya uzio, mahali ninapopita nikienda kuchanja kuni. Huyu wa tatu nilikuwa bado namhesabia siku.

Mama yangu alipata habari za safari akaja kutoka kijijini. Alipata kibali cha kuingia, akafikia kwa jirani yangu, kwa sababu kwetu mama mkwe halali chini ya paa la mkwewe, wala hawakai pamoja, wala hawasemezani uso kwa uso. Mume wangu akipita, mama alijifunika kanga na kugeukia ukutani. Mkwe akiwa na neno aliniambia mimi, nami nikavuka ua kulipeleka. Maneno yao yote yalipita kwangu.

Mama hakukataza safari. Aligusa utosi wa mtoto, pale pangali panadunda, akaniita mama kwa Kisukuma, kama mzazi amwitavyo bintiye, "Mayu, maji makubwa hayapendi kichwa ambacho hakijafunga. Mkienda, aende na kinga." Alikuwa amekuja na dawa yake kwenye fundo la kanga, na kipande cha ngozi. Alikaa kwenye varanda ya jirani akashona hirizi kwa mshipa wa ng'ombe, mishono midogo, myembamba, ya mtu aliyeshona maisha yake yote. Akamfunga mtoto kiunoni na kusema maneno ambayo husemwa mara moja tu. Hirizi isifunguliwe, alisema. Utosi ukishafunga, ivuliwe, izikwe mlangoni.

Nilipokuwa namwogesha mtoto kesho yake niliibonyeza, nikahisi kitu kigumu ndani.

Asiyewahi kukaa ndani ya uzio wa almasi hawezi kujua nilivyoshtuka. Kwetu hakuna kitu kilichotoka getini bila kukaguliwa. Mkate ulikatwa, sabuni ilitobolewa kwa sindano ndefu, mito ilipapaswa kila pembe, na kitu chochote kilichoshonwa kilifumuliwa mbele yako. Watoto wetu walijifunza mapema kwamba hapa jiwe haliokotwi. Mtu akiinama mara mbili njiani aliulizwa amepoteza nini. Tuliwaona wanaume wakichukuliwa kwa pingu kwa sababu ya kitu kidogo kuliko punje ya mtama.

Nilivuka ua nikamuuliza mama ameweka nini ndani. Akanijibu bila wasiwasi, kama mtu anayeulizwa ameweka chumvi gani kwenye mboga.

"Jiwe la mlangoni kwenu. Mtoto asiyebeba jiwe la alikozaliwa atarudije?"

Hakuwa na kosa. Kwao kila mtoto anayepelekwa mbali hufanyiwa hivyo. Laiti angeshona hirizi ile kijijini, kwa jiwe la kijijini, tungeichukua tukiwa njiani kwenda stesheni. Lakini mtoto alizaliwa ndani ya uzio, na mama alifuata desturi kama ilivyo. Aliinama mlangoni petu mchana kweupe akaokota.

Mume wangu nilipomwambia alicheka kwanza, halafu akafunga mlango. Alisema tukipeleka jiwe getini wenyewe, hata likiwa jiwe tupu, jina lake litaandikwa, na fundi aliyeandikwa jina hakai. Tukitoka na hirizi, itafumuliwa, na hapo hakutakuwa na maelezo. Njia ni moja, alisema: ifumuliwe hapa nyumbani, jiwe lirudi chini lilikotoka, na tukifika stesheni tuokote jingine tuliweke. Mama hahitaji kujua. Kisha akaongeza, "Lakini ni kitu cha mama yako. Mimi sitakigusa. Ukiweza, tutakwenda. Usipoweza, basi."

Zilikuwa zimebaki siku nne.

Asubuhi alipokwenda kazini, mama akiwa ameandamana na jirani kuchota maji, nilimlaza mtoto kwenye kile kitanda cha meli, nikamfungua hirizi, nikachukua wembe. Nilikata mishono mitatu. Ilitoka dawa kidogo, unga mweusi, halafu jiwe. Lilikuwa jiwe la kawaida kabisa, la rangi ya kutu, kama yale ambayo kuku huyaparura. Nilikwenda nalo mlangoni nikaliweka chini. Nikaangalia pembeni kidogo, mtoto alikuwa amekohoa. Nilipotazama tena sikulijua. Yalikuwepo mengi pale, yote yanafanana, na moja lilikuwa la mwanangu.

Nilipiga magoti nikatafuta. Sijui kwa muda gani. Niliogopa hata jirani atanikuta nimeinama.

Kisha nilirudi ndani nikaishona hirizi tena, kwa uzi wa nguo niliousugulia masizi uwe mweusi, nikamfunga mtoto. Sasa haikuwa na jiwe wala hatari. Getini ingefumuliwa, wangeona unga, wangetupa au wangerudisha, nasi tungekwenda zetu. Kizuizi kilikuwa kimeondoka.

Mume wangu aliporudi aliniuliza kwa macho. Nikamwambia nimeshindwa kuifungua.

Huo ndio uongo wangu. Sikuwa naamini jiwe kuliko watu wengine. Nilikuwa na hofu tu, na jiwe lilinipa mahali pa kuificha. Nilimwona mtoto katikati ya maji yale bila kitu cha kumrudisha, nikayaona makaburi mawili kando ya njia ya kuni, nikaona la tatu. Kwa mama nilivuka ua nikasema mkwe wake amenyimwa ruhusa. Hawakusemezana, kwa hiyo hakukuwa na wa kunisuta. Mama alisikitika kwa ajili ya mkwewe, akaniambia nimpikie vizuri.

Mume wangu alitoa nepi kwenye sanduku moja moja, akaukunja mwavuli. Ile mbao ya orodha aliipiga randa, akaitengenezea kigoda. Likizo aliimalizia ndani ya uzio, akiziba paa la jirani, na jirani hakumtania tena habari za meli. Mtoto utosi ulifunga, tukaizika hirizi mlangoni. Likizo iliyofuata nilikuwa mjamzito, na nyingine tena vivyo hivyo. Wanangu watano walilala kwenye kitanda kile, na ndoano yake haikuwahi kufungiwa popote. Baadaye tulihamia Kahama, tukajenga Nyahanga. Meli hakuipanda.

Siwezi kusema kwamba binti yangu angekufa. Wanawake walipanda na wachanga wao kila wiki, wakashuka nao Bukoba wazima.

Mwaka huu, alipokuwa hawezi tena kuinuka, nilimwambia. Nilikuwa namkanda miguu. Nilimweleza wembe, mishono mitatu, jiwe lililonipotea, na maneno niliyomwambia jioni ile. Alinisikiliza hadi mwisho macho yakiwa juu darini.

"Nilijua," akasema.

Nikamuuliza alijuaje.

"Mama yako alishona kwa mshipa. Wewe ulishona kwa uzi. Nilimpakata mtoto jioni ile ile, nikaona." Alipumzika kidogo. "Mimi ni fundi, mama. Kiungo kilichofunguliwa nakijua."

Nikamuuliza kwa nini hakusema, na safari ilikuwa yake, na siku zilikuwepo bado.

"Ningesema nini? Ulikuwa umezika wawili."

Nilishindwa kuendelea kumkanda. Akaniacha nilie, halafu akaomba maji, nikaenda kuyachota mtungini.