Balimukata Bwana Yangu mu Nyimbo?

Kipwa, wakati mvua inakatika, kikifika na baridi na vumbi yake, kila mutu hapa Kolwezi anatafuta miziki ya kumupasha moto. Juzi nilikuwa ku soko, kwa tata mumoja mwenye kujaza nyimbo mu batelefone. Nilingojea zamu yangu. Masikio yangu, munayajua, hayangojeake zamu.

Mbele yangu mama mujane aliomba disko moja, wimbo ya zamani. Marehemu bwana yake, mutu wa mugodi, alimupa mwimbaji mbuzi muzima ili amutaje jina ndani. Akamutaja mara moja tu, karibu na mwisho.

«Ile yenyewe sina, mama. Niko na rimiksi. DJ aliikatakata, akaongeza ngoma.»

Mama akashika kifua. «Balimukata bwana yangu?»

«Sijue. Tusikilize.»

Akaifungulia mu bafle yake kubwa ya sauti. Mama akafunga macho, kidole juu, anangojea. Hata benye kuuza mboga bakasogea karibu. Kumbe DJ aliipenda ile jina: akairudilisha mara nane, polepole, sauti inaelea juu ya soko kama moshi ya makala ya kupikia.

Mama akacheka, machozi yanashuka. «Wakati alikuwa muzima, mi njo nilimuita mara nane akuye kula. Haitikake!»

Zamu yangu ikafika. Nikauliza kama DJ anaweza kuingiza jina yangu. Bwana yangu angali muzima, lakini akisikia mwanaume mwengine ananiita mara nane, pengine atatoka mu kiti.