Kanzu Kumi na Nne Zilizomsafisha Mchungaji Modesta

Saa moja asubuhi, Mchungaji Modesta Chenge amesimama ziwani, ufukwe wa Pasiansi, maji yakimfika kiunoni. Anamshika mzee mmoja mabegani, anamzamisha, anamwinua. Mzee anatema maji huku akicheka, na kina mama wanapiga vigelegele.

"Jamani, maji yana baridi haya!" anasema Modesta akitoka.

Mwaka jana hakuwa na ruhusa ya kubatiza hata mtu mmoja. Kanisa alilolitumikia miaka tisa huko Butimba lilimfukuza kwa barua yenye sababu moja: si mwaminifu. Kwa mchungaji, hapo umekwisha. Kila kanisa alilobisha hodi liliisoma barua hiyo na kumwambia asubiri.

Kisa ni kitabu cha ubatizo. Baada ya ubatizo wa siku moja, Modesta aliandika wabatizwa 14. Viongozi wake, waliotaka makao makuu waone tawi linakua, wakadai walikuwa 63 na kwamba amewaficha wengine.

"Waliniambia nibadilishe. Nikawauliza, hao arobaini na tisa nimewazamisha wapi, kwenye karai?"

Alifungua shauri kwenye tume ya usuluhishi wa migogoro ya kazi. Kwa miezi minane aliishi kwa kukaanga mihogo Mkolani, akipata shilingi elfu saba kwa siku. Wapo waumini waliopita wakijifanya hawamjui.

Aliyemwokoa ni Bibi Wilhelmina, miaka 71, mfuaji wa kanzu nyeupe za ubatizo. Katika kanisa lile ni mwiko mtu kuvaa kanzu iliyoloweshwa na mwenzake kabla haijafuliwa.

"Mwanangu," alimwambia mwamuzi wa tume, "kanzu zote ziko ishirini. Siku ile nilianika kumi na nne. Sita zilirudi sandukuni kavu. Sasa hao wengine walibatizwa uchi?"

Chumba kizima kiliangua kicheko, wakili wa kanisa akiwemo.

Modesta akashinda. Tume iliamuru barua ifutwe mbele ya waumini, na katibu aliyeisaini ndiye aliyesimama kusoma barua mpya inayosema kwamba mchungaji hakusema uongo. Modesta alilia bila aibu. Waumini wakambeba juu juu hadi nje.

Waliomba arudi. Akakataa. Kanisa dogo la Mkolani lilikuwa limeshamwita, na leo ndio ubatizo wake wa kwanza na waumini wa huko.

"Msingi wa kanisa tumeshachimba," anasema akikamua sketi yake. "Likiisha, ile barua ya kunisafisha naitundika mlangoni, ndani ya fremu. Anayetaka kunijua aisome kwanza, halafu aingie tuimbe."