Doki ya Kasuku

Mtaani binti huyu walimwita Kasuku, na wala hakununa. Kazi yake ilikuwa kurudia maneno ya watu: daktari na mgonjwa hawaelewani lugha, basi Kasuku anakaa katikati yao kwenye kompyuta, akimfasiria huyu maneno ya yule. Kazi aliipenda, ila mtandao wa hewani, ile Wi-Fi ya nyumbani kwao, ulikuwa na maringo. Ulishamkatikia mara mbili mgonjwa akiwa anaeleza maumivu, na msimamizi wake akasema waziwazi, "Leo alasiri nakupima tena. Tumia waya. Ukikatika, tunaachana."

Laptop yake ilikuwa nyembamba, nzuri kuitazama, lakini haina tundu la waya wa mtandao. Alihitaji doki, kile kidude unachokichomeka kwenye laptop kwa waya mmoja, kikakupa matundu ya kila kitu. Taabu ilikuwa meza. Alifanyia kazi kwenye kimeza cha cherehani ya zamani ya mama yake. Ukishaweka laptop, hata kikombe kinaomba radhi.

"Usinunue kwa macho," mama akamwambia. Mama alikuwa fundi cherehani, haamini kitu mpaka akipime. Akatandika karatasi mezani, akachora nafasi iliyobaki kando ya laptop, akaikata, wakaenda nayo dukani.

Muuzaji akawatolea doki tatu: moja ndogo kama kiberiti, ila haipitishi chaji, moja nyembamba ya kusimama wima, na moja pana, nzito, ina matundu utadhani chujio.

"Kwa meza ndogo, chukueni hii ya kusimama," akawashauri.

Mama akailaza ile pana juu ya karatasi yake. Ikaenea, na nafasi ikabaki. "Unataka nini tena, mwanangu?"

Kasuku naye tamaa ikamshika, akaibeba.

Nyumbani, doki ikatokeza nje ya meza vidole viwili. Kasuku akaitazama karatasi, akaitazama meza. "Mama, hivi uliongeza akiba ya mshono, kama unavyokata nguo?"

"Si ndivyo naongeza siku zote," mama akajibu, kisha akaziba mdomo kwa kiganja.

Kila ikiachiwa, doki iliteleza, waya wa mtandao ukavutika na taa yake ya kijani ikazimika. Kuiweka sakafuni haikuwezekana, maana waya wake wa kwenda kwenye laptop ulikuwa mfupi. Na muda wa jaribio ulikuwa umeshafika. Kasuku alitaka kulia.

"Nipe hapa," mama akasema. Akajibana kati ya meza na ukuta, akaipakata.

"Lakini usiseme neno, mama."

"Mimi niseme nini?" akauliza mwanamke anayeongea hata na sindano.

Jaribio likaanza. Msimamizi akajifanya mgonjwa, mwenzake akajifanya daktari. Kasuku alikuwa amevaa vipokea sauti masikioni, kwa hiyo mama hakusikia lolote ila sauti ya mwanawe. Na kwa wakalimani, mgonjwa akisema "mimi," nawe unasema "mimi."

"Daktari," Kasuku akasema taratibu, "nina mimba ya miezi mitano. Nyumbani hawajui. Naogopa kumwambia mama."

Mama akatoa macho. Doki ikaruka mapajani, taa ya kijani ikapepesa, na Kasuku roho ikampaa. Lakini mama aliikumbatia kwa mikono miwili, akauma mdomo, akatulia tuli. Taa ikaendelea kuwaka mpaka mwisho.

"Umefaulu," msimamizi akasema.

"Mama, kazi bado ninayo!" Kasuku akapiga kelele, akivua vipokea sauti.

Mama hakucheka. Bado alikuwa ameipakata doki. "Kwa nini uliogopa kuniambia?"

"Nikwambie nini? Yule ni mgonjwa, mama! Tena wa kuigiza! Mimi nafasiri tu!" Kasuku akacheka mpaka akashika mbavu.

Mama akashusha pumzi ndefu. "Haya," akasema. "Mimi nilishaamua tutamlea."

Kicheko kikamkatika Kasuku. Akainama, akamkumbatia mama yake pamoja na doki yake mapajani.