Bunduki ya Lugalo

Baba yangu, Bartholomeo, alilima mahindi Ipogolo maisha yake yote na hakuwahi kumpigia mtu kelele. Kelele za nyumba ile zilikuwa zangu mimi, Matilda, bintiye wa kwanza. Watu walimheshimu kwa upole, lakini zaidi walimheshimu kwa bunduki. Ilikuwa bunduki ya marisau, ya mitutu miwili, aliyoirithi kwa baba yake, naye kwa baba yake mwenyewe, babu yetu mkuu Lalika. Kila mtoto wa ukoo alilishwa hadithi yake pamoja na uji: Lalika, kijana mbichi, alimnyang'anya Mjerumani pale Lugalo mwaka 1891, Wahehe walipowafyeka Wajerumani vitani.

Kila mwaka baada ya mavuno tuliitambikia. Asubuhi misa, mchana kaburini. Padri alijua na akanyamaza. Bunduki ililazwa juu ya kaburi la Lalika, baba akamwaga pombe ya ulezi, wanawake tukapiga vigelegele. Pombe hiyo aliipika jirani yetu, Bibi Kalista, maana mkono wake haukuwahi kuharibu pombe.

Bibi Kalista alikuwa na jambo moja la kusimulia, na alilisimulia mpaka watu wakawa wanamkwepa. Baba yake, Saulo, alikuwa mwindaji wa misheni. Mapadri walimpa bunduki afukuze nguruwe pori mashambani. Mwaka 1917, wakati wa vita vya Wazungu, aliuawa njiani na bunduki ikachukuliwa. Kalista alikuwa na miaka saba.

"Alichoma msalaba mdogo kwa msumari wa moto," alikuwa akisema, "ndani ya ubao wa chini ya mtutu, mapadri wasiuone. Mimi ndiye niliyemshikia ule ubao."

Baba alimpelekea kuni kila Jumamosi, na ni yeye peke yake aliyemsikiliza mpaka mwisho.

Mwaka 1975 babu mzaa baba alifariki, na baba akatakiwa kuiandikisha bunduki upya kwa jina lake. Fomu ilitaka mtengenezaji, namba na mwaka. Baba akaandika 1891 kwa mwandiko wake mzuri. Askari akacheka, akamwambia atafute mtu anayezijua bunduki. Watu wakamtaja Malimi, Msukuma aliyehamia Igawa na ng'ombe zake, ambaye katika Vita vya Pili alikuwa fundi wa silaha jeshini. Tukapanda basi, baba na mimi, bunduki ikiwa ndani ya gunia na barua ya balozi wa nyumba kumi mfukoni.

"Shikamoo, mzee," baba alimwamkia.

"Marahaba. Hebu tumwone mgonjwa."

Malimi alifungua kibao cha mbele, ule ubao wa chini ya mitutu, akaitoa mitutu, akaigeuza juani na kuifuta kwa mafuta ya taa. Chini yake palikuwa na alama ambazo ukoo mzima haukuwahi kuziona: taji dogo juu ya herufi, ndege tai, na namba.

"Hii kumi na mbili iliyo kwenye duara ni ukubwa wa risasi. Wengi wanadhani ndiyo mwaka," alisema. "Mwaka ni huu hapa. Tano, kumi na tatu. Mjerumani akishaipima bunduki kwa baruti nyingi na isipasuke, anagonga mwezi na mwaka. Mei, 1913."

"Mzee, hii imetoka Lugalo."

"Lugalo ilikuwa lini?"

Baba akamtajia.

"Basi ilikuwa haijazaliwa." Malimi alikiokota kibao ili akirudishe, akakigeuza. "Na huyu aliyechoma msalaba humu ndani ni nani?"

Niliuona. Ulikuwa mweusi, urefu wa ukucha wa kidole changu cha mwisho. Baba aliutazama kidogo tu, halafu akaomba maji ya kunywa.

Kwenye basi nilimwambia anyamaze. Yaliyopita si ndwele, nikasema, na ajuza yule ana siku ngapi zilizobaki? Basi lilipofika Nyololo alinigeukia.

"Kila Jumamosi nakwenda," alisema, "naye ananisimulia nilichomfanyia."

Nilichomfanyia, alisema. Lazima nieleze: Bartholomeo lilikuwa jina la ubatizo. Jina alilopewa na ukoo lilikuwa Lalika, na kwetu mjukuu aliyepewa jina la babu ndiye babu mwenyewe, na alichotenda babu amekitenda yeye. Hata baba yake mzazi alimwita "baba". Heshima hiyo aliivaa tangu utotoni bila kuuliza imeshonwa kwa kitambaa gani.

Nyumba yetu ikaharibika. Baba aliacha kula chumba kimoja na bunduki. Alisema Lalika anasimama mlangoni, mchana kweupe, wala hasemi kitu. Niliogopa, na hofu yangu siku zote hutoka kama hasira, basi nikawa nagombana na mlango mtupu.

Mavuno yalipokwisha, Bibi Kalista alikuja na kikapu chake kuomba ulezi wa pombe ya Lalika. Baba alimwambia arudi akapumzike, kisha akachukua bunduki akamfuata kwake, na mimi nyuma yake. Alikitoa kile kibao, akampakatisha, akamwambia yote.

Bibi Kalista aliupapasa msalaba kwa kidole. Hakulia.

"Miaka thelathini nimempikia pombe," alisema. Kisha akamtazama baba. "Wewe ndiye Lalika?"

"Ndimi."

"Basi niambie. Baba yangu alisema nini kabla hajafa?"

"Sijui, mama."

"Unajua. Hapakuwa na mtu mwingine."

Bunduki tuliikabidhi polisi. Mwaka ule hatukutambika, na baba zangu wadogo wakamtukana baba mpaka wakachoka. Jumamosi iliyofuata alipeleka kuni, naye akaulizwa lile lile. Ikawa hivyo kila Jumamosi, karibu mwaka mzima. Baba alikonda. Nilimsihi aache kwenda, akaniona kama mjinga.

Siku moja Bibi Kalista alikuwa hawezi, amelala kwenye mkeka, mimi namnywesha uji. Baba aliingia na mzigo wa kuni. Akaulizwa. Alitua kuni taratibu, akajibu kwa sauti nzito ambayo sijawahi kuisikia kinywani mwake.

"Alisema, Kalista hajala tangu jana. Niache nifike nyumbani."

Bibi Kalista alifumba macho, machozi yakamtoka.

"Kweli," alisema. "Nilikuwa sijala. Sijawahi kumwambia mtu."

Nilimfuata baba nje, nikamshika mkono na kumuuliza ameyatoa wapi maneno yale. Alikuwa anavitazama viganja vyake.

"Nilikuwepo, mwanangu," alisema.