Mkanda Uliokatika Njia ya Mahurunga

Dada yangu aliniusia kwamba akifa nimwoshe mimi. Basi habari ya kifo chake iliponifikia asubuhi hapa Mtawanya, na kwamba huko Mahurunga watazika adhuhuri, nilipanda gari la mjukuu wangu hata chai sijanywa.

Tulipofika kwenye mikorosho injini ikazima ghafla. Mjukuu akapiga stata, ikazunguka bure, nyepesi. Akafungua kifuniko cha pembeni, akautoa mkanda wa taimingi umekatika, umelowa oili.

"Mpya huu, mke wangu!" akaniambia kwa utani wetu wa bibi na mjukuu. " Ulikuwa wa kukaa miaka."

"Na oili imetoka wapi?"

"Sili ya kuzuia oili inavuja. Fundi aliniambia niibadilishe pamoja na mkanda, nikasema itasubiri."

"Haya, subiri nayo. Mume gani wewe, unamwacha mkeo porini?"

Gari lile lisingewaka bila fundi. Nikavua viatu, nikajifunga khanga kiunoni, nikashika njia.

"Bibi, jua hili!"

Sikugeuka. Mbele ikanikuta bodaboda imebeba gunia la muhogo. Dereva akasema hana nafasi. Nikamwambia nafasi ninaiona, nikapanda juu ya gunia.

Msibani Mahurunga nilikuta wanawake wameshateka maji na kuweka kafuri, wamekunja mikono ya nguo. Wote waliokuwemo chumbani nawakumbuka kwa majina mpaka leo.

"Nipisheni," nikasema.

Wakanipisha. Nikanawa vumbi la njiani, nikaushika mkono wa kulia wa dada yangu, nikaanza.